Droo ya zawadi kwa wateja wanaotoa maoni: namna ya kuiendesha ikaleta maoni ya kweli

Kampuni nyingi huanza na zawadi. Meneja masoko anasema tutoe pikipiki, bango linachapishwa, halafu siku mbili kabla ya uzinduzi ndipo mtu anauliza: hivi wateja tunawauliza nini? Matokeo yake ni maelfu ya majibu yasemayo "nzuri sana, Mungu awabariki, naomba nishinde mimi". Kitu cha kuamulia hakimo.

Zawadi hununua muda wa mteja. Ukweli wake hainunui, na isipopangwa vizuri huufukuza, kwa sababu anayetaka kushinda hujaribu kumfurahisha anayegawa. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyo hapa chini ina lengo moja, kuiweka zawadi mbali na yale mtu anayoyasema. Mfano utakaotumika ni kiwanda cha wastani cha unga wa sembe kinachouza mifuko ya kilo 5 na viroba vya kilo 25, lakini hatua ni zilezile kwa saluni, kampuni ya mabasi au SACCOS.

Anza na uamuzi unaotaka kuufanya

Chukua karatasi, andika maamuzi matatu ambayo kampuni itayafanya ndani ya miezi mitatu na ambayo maoni ya wateja yanaweza kuyageuza. Kwa kiwanda cha unga yanaweza kuwa haya: tubadili mfuko au tubaki nao, tutoe mfuko wa kilo 2 au hapana, tuongeze wasambazaji mkoa gani. Kama huna hata uamuzi mmoja wa namna hiyo, acha droo, fanya promosheni ya kawaida ya mauzo. Ni rahisi zaidi na hutamdanganya mtu kwamba unamsikiliza.

Maswali yasizidi manne. Matatu ya kuchagua, moja la kuandika. Ukifika la saba, watu wa kwenye simu ndogo wanaanza kubonyeza chochote ili wamalize, nawe utaona safu nzima ya "5, 5, 5, 5".

Swali la kuandika ndilo lenye mali, na ndilo linaloharibiwa zaidi. Ukimuuliza mteja "Unaonaje huduma zetu?" atakujibu kama anavyojibu "habari za asubuhi": nzuri. Ni adabu tu, usimlaumu. Hata "Una malalamiko gani?" haifai sana, maana neno malalamiko linamfanya ajione mgomvi, na wengi hawataki kuonekana hivyo na kampuni inayogawa zawadi. Mpe nafasi ya kukosoa bila kukosea heshima. Maswali yanayofanya kazi hukaa hivi:

"Ungekuwa wewe ndiye meneja wa kiwanda, ungebadili nini kwanza?"

"Mara ya mwisho uliponunua unga wa kampuni nyingine, ilikuwa kwa sababu gani?"

"Jirani akikuuliza kama anunue unga huu, ungemtahadharisha na nini?"

La pili ni bora kuliko yote kwa sababu linauliza tukio. Mtu hukumbuka kwamba mfuko ulipasuka kwenye bodaboda, kwamba Mangi wa duka la mtaani alikuwa ameishiwa, kwamba ugali ulikuwa haushiki. Chagua moja tu kati ya hayo. Usiyaweke yote matatu ukidhani utapata mara tatu.

Katika maswali ya kuchagua, angalia usije ukaweka jibu ndani ya swali. "Je, unafurahia mfuko wetu mpya ulioboreshwa?" limeshajibiwa na mwulizaji. Andika: "Mfuko wa sasa ukiulinganisha na wa zamani: ni bora / ni sawa / ni mbaya zaidi / sikuwahi kuutumia wa zamani." Chaguo hilo la mwisho husahaulika mno, na bila hilo wateja wapya wanalazimika kubahatisha.

Bahati au ustadi: amua mapema, maana sheria zinatofautiana

Mshindi akipatikana kwa kuchomoa jina, hiyo ni bahati nasibu hata ukiiita "shindano la maoni". Mshindi akipatikana kwa majaji kusoma na kupima, hilo ni shindano la ustadi. Ukichanganya bila kusema, utagombana na pande zote mbili.

Tanzania Bara, droo za promosheni ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyo chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Ndiyo maana katika picha za droo za benki na mitandao ya simu huwa pana mtu wa Bodi amesimama pembeni. Omba kibali kabla ya kutangaza, si baada. Andaa masharti kamili, orodha ya zawadi na thamani zake, tarehe ya kuanza, ya kufunga na ya kuchezesha, na maelezo ya jinsi mshindi atakavyopatikana. Uliza hapohapo gharama na kodi, na mhasibu wako naye awemo kwenye mazungumzo hayo. Viwango hubadilika kwenye bajeti za serikali, kwa hiyo usitegemee alicholipa mwenzako mwaka juzi. Kenya kuna Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, na ushauri ni uleule: kibali kwanza, bango baadaye.

Sheria ya pili ni ya taarifa binafsi. Unakusanya majina na namba za simu, kwa hiyo Tanzania unaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ina Tume yake, na Kenya na ile ya 2019. Kwa vitendo: mwambie mtu unachukua nini na kwa ajili gani, usichukue zaidi ya hicho, usiitumie namba yake kumtumia matangazo mpaka akubali kwa kisanduku tofauti ambacho hakijawekwa tiki tayari. Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) huihitaji kwenye fomu ya kushiriki. Kitambulisho kitaonyeshwa na washindi tu, siku ya kuchukua zawadi kubwa.

Mpangilio unaofaa zaidi ni huu: zawadi nyingi zitolewe kwa droo, kila aliyejibu awe na nafasi sawa, aliyesifia, aliyeponda na aliyeandika "sina la kusema". Kisha pembeni weka zawadi chache kwa maoni yaliyosaidia zaidi, zitolewe na majaji kwa vigezo vilivyotangazwa. Vigezo vitatu vinatosha: maoni yanataja jambo mahususi (wapi, lini, bidhaa gani), kampuni inaweza kulifanyia kazi, halijulikani tayari. Kila jaji anatoa alama 0 hadi 5 kwa kila kigezo, akiwa peke yake, bila kuona jina wala namba ya simu. Majaji wawe watatu na mmoja atoke nje ya kampuni. Kigezo cha "uandishi mzuri" kiacheni. Mama anayeandika "unga una michanga kiroba cha mwezi wa 3 Ifakara" amewasaidia kuliko aliyeandika insha.

Zawadi

Tuseme bajeti ya zawadi ni shilingi milioni 3. Unaweza kutoa pikipiki moja. Au unaweza kutoa zawadi 150 za shilingi 10,000, zawadi 10 za shilingi 100,000, na zawadi 5 za shilingi 100,000 kwa maoni bora. Jumla ni ileile. Wakijibu watu 6,000, pikipiki inampa kila mmoja nafasi moja kati ya 6,000. Mpangilio wa pili, kwa droo peke yake, unampa takriban nafasi moja kati ya 38. Na washindi 150 waliosambaa mitaani, kila mmoja akiwaonyesha ndugu ujumbe wa pesa iliyoingia, wanaaminika kuliko picha moja ya mtu ameshika funguo ya karatasi. Pikipiki pia inakuja na mambo yake: usajili, bima, kadi kubadilishwa jina, kuisafirisha hadi Kigoma, na swali la nani analipa vyote hivyo.

Zawadi kubwa mno ina ubaya mwingine: inawaleta wawindaji wa zawadi ambao hawajawahi kupika unga wako. Dalili yao ni majibu yanayofanana neno kwa neno kutoka namba thelathini tofauti. Zawadi inayohusiana na bidhaa (kiroba cha unga, jiko, sufuria) huwapunguza, lakini pesa ya simu ni rahisi kufikisha. Ukitoa pesa, amua kama makato ya kutoa ni juu yako na uyaandike. Mtu aliyeahidiwa elfu kumi akitoa akapata pungufu, atasema umemdhulumu, na ana haki.

Usilazimishe kununua. Kampuni hupenda sana kuweka sharti la risiti, na "nunua mifuko mitano uongeze nafasi". Kwa promosheni ya mauzo ni sawa. Kwa kukusanya maoni ni kujifungia mlango, maana mtu unayemhitaji kuliko wote ni yule aliyeacha kununua, naye hana risiti.

Kama utachapisha namba za siri ndani ya mifuko, kumbuka Pepsi nchini Ufilipino mwaka 1992. Namba 349 ilitangazwa kuwa mshindi wa peso milioni moja, kumbe ilikuwa imechapishwa kwenye mamia ya maelfu ya vizibo. Kampuni ilikataa kulipa zote, zikafuata ghasia na kesi zilizochukua miaka. Kinga yake ni ya kawaida tu: anayechapisha namba na anayechagua namba ya ushindi watumie orodha moja iliyofungwa, na masharti yaseme wazi jumla ya zawadi ni ngapi. Kinga bora zaidi ni kutotumia namba za siri kabisa.

Njia ya kushiriki

Weka njia mbili: moja ya intaneti (fomu fupi, na msimbo wa QR kwenye mfuko) na moja isiyohitaji bando, yaani SMS au USSD (menyu ya kubonyeza nyota na reli). Karatasi na sanduku dukani vinafaa kwa biashara ya eneo moja.

Kwenye SMS kuna mtego ambao haujulikani mpaka bili ije. Ujumbe mmoja una herufi 160, mradi herufi zote zimo katika seti ya kawaida ya simu. Ikiingia herufi moja tu ya nje ya seti hiyo, ujumbe mzima unashuka hadi herufi 70. Emoji hufanya hivyo, kila mtu anajua. Kinachowaponza waandishi wa Kiswahili ni kile kipindo cha "ng'": ukiandika kwenye Word au kwenye simu fulani, kinageuzwa kuwa alama iliyopinda, nayo haimo kwenye seti. Neno moja kama "ng'ara" linaweza kuufanya ujumbe wa herufi 150 uhesabiwe kuwa ujumbe tatu, kwa sababu vipande vilivyounganishwa vya aina hiyo hubeba herufi 67 kila kimoja. Zidisha kwa wateja 20,000. Andika ujumbe kwenye kihariri cha maandishi matupu, chunguza vipindo na alama za kunukuu, halafu ujitumie mwenyewe kwanza.

Mitandao ya kijamii itumike kutangaza, si kuhesabia nafasi. Lile tangazo la "share kwenye ukurasa wako na tag marafiki watatu" ambalo kila duka linalo, limekatazwa na sheria za Facebook zenyewe kama sharti la kuingia kwenye droo. Ukurasa wa mtu binafsi na marafiki zake havitakiwi kutumiwa kuendeshea promosheni. Facebook pia hutaka useme kwamba promosheni yako haidhaminiwi wala kuendeshwa nayo. Na usimpe mtu nafasi ya droo kwa kukuandikia nyota tano kwenye Google Maps: maoni yaliyolipiwa yamekatazwa pale, hata yakiwa ya nyota mbili.

Masharti, na suala la saa

"Vigezo na masharti kuzingatiwa" si masharti. Ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida unatosha, uwe na haya: kampuni inayoendesha na namba ya kibali, nani anaruhusiwa (miaka 18 na kuendelea, wafanyakazi, wakala wa matangazo na familia zao hawaruhusiwi), kushiriki ni bure au kunagharimu kiasi gani cha SMS, mtu mmoja, namba moja, nafasi moja, idadi na thamani ya kila zawadi, jinsi mshindi anavyopatikana, namba ya simu itakayotumika kumpigia, siku ngapi za kudai zawadi, na nini kitatokea asipopatikana, maoni yatatumikaje na taarifa zake zitafutwa lini.

Tarehe ya kufunga huleta kesi nyingi kuliko sharti lolote. Ukiandika "mwisho ni Ijumaa saa 6 usiku", nusu ya watu wanaelewa usiku unaoingia Jumamosi, wengine wanaelewa ule wa kuamkia Ijumaa, na mfumo wa kompyuta unaelewa kitu kingine kabisa. Funga saa ya mchana isiyo na utata na uiandike mara mbili: "Ijumaa saa 12:00 jioni (18:00)".

Halafu angalia mfumo unahifadhi saa ipi. Mifumo mingi ya fomu na SMS hutoa orodha kwa saa za UTC, yaani saa za rejea za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Mwisho wako wa 18:00 utasomeka 15:00 kwenye faili. Ukichuja kwa 18:00 bila kufikiri, umewaingiza waliochelewa saa tatu nzima, na mmoja wao akishinda, aliyekosa atakuja na skrinishoti.

Kusafisha orodha

Droo ikifungwa, usiguse faili la asili. Fanya nakala, fanyia kazi nakala.

Namba za simu zitakuja kwa sura zote: zinazoanza na 0, na 255, na +255, zenye nafasi katikati. Kwa programu ya Excel hizo ni namba tofauti, na mtu mmoja atakuwa na nafasi nne. Zaidi ya hapo, Excel hula sifuri ya mwanzo, na namba ndefu huigeuza kuwa 2.55E+11. Iambie safu hiyo ni maandishi kabla ya kubandika data. Kisha, kwenye safu ya pembeni, ondoa nafasi na uchukue tarakimu tisa za mwisho:

=RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)

Hizo tisa ndizo zinazomtambulisha mtu Tanzania na Kenya pia. Ondoa zinazojirudia kwa kutumia safu hiyo, ukibakiza jibu la kwanza. Namba zenye tarakimu pungufu ziweke kwenye karatasi ya pembeni na sababu yake, usizifute kimyakimya.

Sasa tenganisha. Kila mshiriki anapewa namba ya mfululizo, 1 hadi ya mwisho. Faili moja liwe na namba ya mfululizo na simu, jingine liwe na namba ya mfululizo na maoni. Anayesoma maoni asiwe na faili la simu. Meneja wa mauzo akiona kwamba aliyemponda ni fulani wa Tandika, atampigia "kuelewa zaidi", na habari ikienea mtaani mwaka kesho hakuna atakayesema ukweli.

Ukimaliza, tengeneza PDF ya orodha ya simu (tarakimu za katikati zikiwa zimefichwa), andika jumla ya washiriki, umtumie mwakilishi wa Bodi na mkaguzi wa nje kabla ya siku ya droo. Kuanzia hapo hakuna jina linaloingia wala kutoka.

Kuchezesha droo

Kwa karatasi ndani ya sanduku, tatizo ni kuchanganya. Mwaka 1969 Marekani ilichezesha bahati nasibu ya kuwaita vijana jeshini, tarehe za kuzaliwa zikiwa ndani ya vidonge vya plastiki. Vidonge vilimiminwa kwa mpangilio wa miezi na havikuchanganywa vya kutosha. Waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka wakaitwa mapema kwa wingi usio wa kawaida. Sanduku lako la dukani liko hivyohivyo: kadi za wiki ya kwanza ziko chini, za jana ziko juu, na mkono wa mtoto hauingii chini. Mwaga zote mezani au sakafuni, zichanganye kwa mikono miwili, zikunjwe kwa namna moja (iliyokunjwa mara nyingi hushikika upesi), ndipo zirudi.

Kwa orodha ya kompyuta, wengi huandika mbele ya kamera fomula ya Excel =RANDBETWEEN(1,4318), inayotoa namba yoyote kati ya 1 na idadi ya washiriki. Ubaya wake ni kwamba namba hubadilika kila mtu anapogusa seli yoyote, kwa hiyo mshindi anaweza kutoweka kwenye skrini wakati jina lake linasomwa, na ukumbi mzima ukashuhudia. Pia hakuna anayeona kinachotokea ndani.

Zawadi kubwa zichezeshwe kwa mipira, ni njia ambayo hata mtu wa nyuma anaielewa. Tuseme washiriki ni 4,318. Chukua mifuko minne. Wa maelfu uwe na mipira 0 hadi 4 tu. Mitatu mingine iwe na 0 hadi 9. Watu wanne wasiohusiana na kampuni wachomoe mpira mmoja mmoja. Ikitoka 2-0-7-3, mshindi ni mshiriki wa 2073. Ikitoka 0000, au kuanzia 4319 hadi 4999, tupa yote minne na urudie kuchomoa yote minne. Usirudie mpira mmoja tu ili "isogee ndani", maana hapo unawapendelea baadhi. Mipira irudi mfukoni kila baada ya namba kamili.

Zawadi 150 ndogo ukizichezesha kwa mipira mtalala hapo. Ongeza kwenye orodha safu yenye =RAND(), inayompa kila mshiriki namba ya kubahatisha, nakili safu hiyo na uibandike kama thamani ili igande, panga kuanzia ndogo hadi kubwa, chukua 150 za juu. Fanya mara moja, mbele ya shahidi, skrini ikirekodiwa. Chukua na 15 zinazofuata kama akiba.

Mshereheshaji atataka kuanza na zawadi ndogo ili msisimko upande. Mkatalie kwenye kuchomoa, mruhusu kwenye kutangaza. Kama sharti ni zawadi moja kwa mtu, aliyechomolewa kwanza kwa elfu kumi amepoteza nafasi ya laki moja, naye atauliza kwa nini. Chomoa kubwa, waondoe washindi hao kwenye orodha, ndipo uende kwenye ndogo.

Mfumo ukigoma katikati, simamisha, tangaza siku nyingine. Novemba 2006 kipindi cha watoto cha Blue Peter cha BBC kilipata hitilafu ya simu wakati wa shindano, na mtoto aliyekuwa ametembelea studio akaombwa ajifanye mpigaji aliyeshinda. Mwaka uliofuata BBC ilitozwa faini ya pauni 50,000. Kuahirisha kusingegharimu kitu.

Kumfikia mshindi

Hapa ndipo droo halali huonekana ya kitapeli. Katika nchi ambayo kila mwenye simu amewahi kupata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu akipigiwa kuambiwa ameshinda hukata simu, na amefanya vizuri. Tangaza tangu siku ya kwanza namba moja itakayopiga, na sentensi hii kwenye kila tangazo: "Hatutakuomba pesa wala namba ya siri." Weka orodha ya washindi, tarakimu zikiwa zimefichwa, dukani na kwenye akaunti rasmi za kampuni, ili mtu aweze kuhakiki mwenyewe kabla ya kupokea simu. Piga mara tatu, saa tofauti, siku tofauti, kila mara iandikwe kwenye daftari. Asipopatikana ndani ya siku zilizotajwa, nenda kwa wa akiba wa kwanza, si kwa unayemjua.

Kabla ya kutuma pesa, linganisha jina linalotokea kwenye M-Pesa, Mixx by Yas au Airtel Money na jina alilokutajia. Mara nyingi halitalingana kwa sababu isiyo na ubaya: laini imesajiliwa kwa alama za vidole vya kaka au mume. Usimnyime. Mwenye zawadi ni aliyeshiriki kwa namba hiyo. Muulize alijibu nini kwenye swali la kuandika, akikumbuka hata kidogo, tuma. Kwa kazi hiyo, mtu wa tatu mwenye mafaili yote mawili, mkaguzi kwa kawaida, ndiye alinganishe.

Kusoma majibu

Waliojibu si wateja wote. Ni waliokuwa na muda, walioona tangazo na waliovutwa na zawadi. Kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba "asilimia 72 ya wateja wanataka kilo 2". Andika "asilimia 72 ya waliojibu". Maoni haya yanafaa sana kugundua matatizo, na hayafai sana kupima ukubwa wake. Watu kumi na wawili wa wilaya moja wakitaja mchanga kwenye unga, hiyo ni safari ya kwenda kukagua ghala, hata kama ni 12 kati ya 4,318.

Watu wawili wasome majibu 200 ya mwanzo, kila mmoja peke yake, wayape mafungu (mfuko, ladha, bei, upatikanaji, uchafu, mengineyo), kisha walinganishe. Wakitofautiana sana, mafungu yenu hayaeleweki; yarekebisheni kabla ya kuendelea na mengine 4,000. Majibu ya "nzuri" yahesabiwe peke yake na yasichanganywe na sifa zenye sababu.

Ndani ya wiki sita, wajibu wateja kwa njia ileile waliyowasilishia. Ujumbe mmoja tu: mambo mawili mliyobadilisha, na moja mlilokataa pamoja na sababu. "Wengi mmeomba bei ishuke, mahindi yamepanda, hatutaweza msimu huu" hupokelewa vizuri kuliko ukimya, na ndiyo itakayoamua kama droo ijayo itapata maoni au maombi ya kushinda. Zawadi zikishalipwa zote na muda wa madai kupita, futa faili la namba za simu kwenye kila kompyuta lilipo, pamoja na ile ya wakala wa SMS, na ubaki na maoni, risiti za malipo na taarifa ya droo iliyosainiwa.